Picha Haijui Kusema "Labda"

Wengi wenu mlipita ukumbini mwisho wa muhula mkaona picha zetu ukutani, na baadhi yenu mliniuliza, "Je, hii ni sinema gani?" Naona afadhali niwajibu nyote hapa, maana jibu lake si fupi.

Sinema, kama mjuavyo, ni picha nyingi zilizosimama, 24 kwa kila sekunde, zipitazo mbele ya macho upesi hata tukadhani zinatembea. Lakini zile picha zilizobandikwa zamani milangoni mwa nyumba za sinema ili kuwavuta watu, mara nyingi hazikukatwa katika filamu yenyewe. Palikuwa na mpiga picha wa kando, na kazi yake ilikuwa kuwasimamisha wachezaji na kuwapiga picha kana kwamba wamo katikati ya jambo. Mtu akiitazama picha ya namna hiyo hujiuliza mara moja: Nini kilitangulia? Nini kitafuata?

Bwana Mwalimu wetu wa sanaa alituonyesha mifano mitatu. Wa kwanza ni wa Cindy Sherman wa Marekani, ambaye kati ya 1977 na 1980 alijipiga picha takribani 70 zisizo na rangi, katika kila moja amevaa kama mwanamke wa sinema. Wala sinema hizo hazikuwako kamwe. Wa pili ni La Jetée, filamu ya Mfaransa Chris Marker ya mwaka 1962. Yachukua dakika kama 28, na karibu yote ni picha zilizosimama. Nayo yasimulia habari za mtu asiyeweza kusahau sura moja aliyoiona utotoni. Wa tatu ni wa kwetu: Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka 2006, alitwaa picha za kale za watu wa migodi ya Katanga wakati wa utawala wa Wabelgiji, akazipachika juu ya picha mpya za viwanda vilivyochakaa. Hivyo watu wa zamani wasimama tena mahali pao pa kazi.

Baada ya hayo tukapewa kazi: kila mmoja achague kumbukumbu moja ya nyumbani, apige picha sita kana kwamba zatoka katika sinema ya kumbukumbu hiyo. Mwenzangu mmoja alichagua arusi ya dada yake, mwingine siku waliyohama. Mimi nilichagua asubuhi ya mwisho ya Baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Aliondoka alfajiri kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na gari likapinduka njiani. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa angali tumboni. Picha za Baba ziliharibika nyumba yetu ilipovuja, ikabaki ile ndogo ya kadi yake ya mpiga kura, nayo imefifia hata sura haitambulikani vema. Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho mdogo wangu hakuwa nacho: nilikumbuka. Nilikumbuka nimeshika taa mlangoni, na Baba ameinama, akifunga kamba za viatu vyake katika mwanga wangu.

Basi nikaazima simu ya Baba Mdogo, maana yapiga picha vizuri, nikavaa koti la Baba ambalo Mama amelihifadhi sandukuni. Lilinienea. Mama aliponiona alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Yeye alikuwa akikunja mikono mara mbili." Akanijia akanikunjia.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mtu akisimulia kwa kinywa aweza kusema, "Labda ilinyesha, labda haikunyesha." Picha haijui kusema labda. Ama ardhi imelowa, ama imekauka. Ama taa ipo, ama haipo. Nilimwuliza Baba Mdogo, akasema palikuwa na mvua, kwa kuwa alikuja kwa baiskeli kumsindikiza kaka yake akafika amelowa chepechepe. Mama akasema hapana, mbalamwezi ilikuwa kama mchana, naye alimwona mumewe mpaka akapotea penye kona. Nami nikaeleza habari za taa yangu. Mama akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa umelala. Baba yako alifika langoni akarudi. Nilidhani amesahau kofia. Akasimama penye mkeka wako, akakutazama, hakukuamsha, akaenda zake."

Neno hilo Mama hakulisema kwa muda wa miaka kumi. Alilisema siku hiyo kwa sababu sikumwuliza, "Ilikuwaje?" Nilimwuliza, "Baba alisimama wapi?"

Usiku ule usingizi haukunijia. Ile taa niliyoitunza moyoni tangu utoto haikuwako asubuhi ile. Yamkini ilikuwa ya safari nyingine. Badala yake nilipewa jambo ambalo nisingaliweza kulikumbuka peke yangu, maana macho yangu yalikuwa yamefumba. Sikujua nilie kwa lipi.

Nilipomwambia Bwana Mwalimu kwamba nataka kuiacha kazi hiyo, alinijibu, "Hukuombwa kuleta ushahidi wa mahakama. Piga asubuhi zote tatu, na kila moja iwe na jina la mwenyewe."

Nikafanya hivyo. Picha mbili ni za Baba Mdogo. Tulimwaga ndoo mbili za maji mlangoni zipate kuwa na mvua. Mbili ni za Mama, na mbalamwezi yake ni kurunzi nyuma ya shuka jeupe. Mbili ni zangu, zenye taa. Katika zote sita uso wangu umegeuzwa au umo kizani, kwa kuwa uso huu si wa Baba.

Mdogo wangu aliuliza, "Yaya, na mimi nilikuwa wapi?" Mama akajigusa tumbo, akasema, "Ulikuwa hapa." Basi tukampa kazi ya kushika taa na kurunzi. Haonekani katika picha hata moja, lakini pasipo yeye pasingalikuwa na mwanga.

Zilipochapwa, alitwaa moja ya zile za Mama akasema, "Hii ndiyo itakuwa Baba. Nitaipeleka shuleni." Jambo hilo lilinipa shida kuliko yote. Koti ni la Baba kweli, na mikono imekunjwa na mkono wa Mama kweli. Lakini mtu mwenyewe ni mimi. Nikinyamaza, baada ya miaka 20 atawaonyesha watoto wake, wala hatakuwako wa kumsahihisha. Nikaandika nyuma yake: "Huyu ni kaka yako, amevaa koti la Baba, kama Mama anavyomkumbuka. Mwanga uliushika wewe." Alisoma akanuna. Kisha akamwomba Mama ile kadi ya mpiga kura, akaiweka kando ya picha yangu, akatazama moja kisha nyingine kwa muda mrefu. Mpaka leo zakaa pamoja ukutani, wala haendi na mojawapo shuleni.

Basi wenzangu mtakaoifanya kazi hii mwaka ujao, nawapa mashauri mawili. La kwanza, msimwulize mzee, "Kulitokea nini?" Mwulizeni mkono ulikuwa wapi, na mwanga ulitoka upande gani, yaliyobaki atayaleta mwenyewe. La pili, nyuma ya kila picha andikeni ni nani aliyesimama, na ni kumbukumbu ya nani. Kwa maana picha itabaki siku ambayo sisi hatupo, na yule atakayeiokota hatakuwa na wa kumwuliza.