Kabange na Kikombe

Mwezi wa Juni Likasi ina baridi ya kuingia mifupani. Usiku mmoja wa mwezi huo niliingia zamu kwenye wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, nikamkuta mama wa mapacha amekaa kwenye kiti cha mbao, vitenge viwili mabegani, macho hayabanduki kwenye kuvezi, kile kisanduku cha kuwapa watoto joto. Aliniuliza, "Yaya, huyu atanyonya lini?" Yaya kwetu Katanga ni dada mkubwa, na mama wengi wa wodini huniita hivyo. Swali lake nilikuwa nimeulizwa kwa miaka kumi na minane, na sijawahi kulijibu kwa kutaja siku.

Wanawe walizaliwa kwenye wiki ya 30 ya mimba. Kwetu Waluba wa Katanga pacha wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, kwa hiyo majina yalikuwa yakiwangoja. Kyungu alikuja na gramu 1,400, Kabange na 1,150. Wote wawili tuliwalisha kwa sonda. Mpira huo mwembamba naupima kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi chini ya mfupa wa kifua, naweka alama, naupitisha taratibu na kuhakikisha umefika tumboni. Naunganisha bomba la sindano nililolitoa kisukumio, namimina maziwa aliyokamua mama, naliinua kidogo, na maziwa yanashuka yenyewe. Kabange alianza na mililita 2 kila baada ya saa mbili. Ukiyatazama yakishuka utadhani yamesimama.

Mtoto wa umri ule anaweza kufyonza kidole ukashangaa nguvu zake. Kazi ngumu ni kupanga mambo matatu kwa zamu: kunyonya, kumeza, kupumua. Njia ya chakula na njia ya hewa zinapishana kooni, na watoto wengi hawawezi kuzipokezanisha vizuri mpaka karibu na wiki ya 34. Ukimharakisha, maziwa yanaingia mapafuni.

Hilo nililijua darasani, lakini nililiamini siku nilipokosea. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mtoto mmoja wa kike alikuwa amechangamka, mdomo unatafuta huku na huku, na mama yake alikuwa na hamu ya kumwona akila. Nilitwaa chupa. Alimeza mara tatu, midomo ikageuka rangi ya majivu, kifua kikatulia tuli. Nilifyonza maziwa kooni mwake, nikampa hewa kwa mfuko na barakoa, na baada ya muda ambao sikuweza kuupima akalia. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno. Tangu siku hiyo sijamlisha njiti kwa chupa.

Mimi ni mtoto wa Kakontwe, mtaa wa hapa Likasi. Bibi yangu alizaa kambini enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, mji ukiitwa bado Jadotville. Alinihadithia jinsi kina mama walivyopanga foleni na watoto wao mbele ya mizani, na kila gramu ikaandikwa. Nadhani mapenzi yangu ya mizani yametoka kwake. Kila asubuhi nawapima watoto wangu kabla ya kazi nyingine yoyote. Ila mizani haikuambii kama mtoto yuko tayari. Hilo analijua anayemshika.

Usiku ule wa Juni umeme ulikatika, kuvezi ikaanza kupoa. Tulimfunga Kabange kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya vitenge vyote viwili. Njia hii ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kuvezi zilipokuwa hazitoshi. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba ukiianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya watoto wadogo kama hawa vinapungua kwa robo. Mimi niliona jambo jingine: pale kifuani, siku ya tisa, Kabange alitoa ulimi akalamba tone la maziwa.

Kuanzia hapo mama alikamua kwanza, kisha akamweka kwenye ziwa tupu, huku maziwa yakipita kwenye sonda. Mtoto alifyonza, tumbo likajaa, akajua vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Baadaye tulianza kikombe kidogo cha dawa. Unamkalisha wima, ukingo unagusa mdomo wa chini, na maziwa yanafika kwenye midomo tu. Humimini. Anayalamba mwenyewe kama paka. Nilimfundisha mama kutazama vidole: vikitanuka na paji likikunjamana, mtoto amechoka, ondoa kikombe. Siku nyingine tuliishia mililita 3, zilizobaki zikapita kwenye sonda, na hatukuhesabu hilo kuwa hasara.

Mama mkwe wake alileta munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ili maziwa yashuke, nami nilifurahi, maana mzazi yule alikuwa hanywi maji ya kutosha. Siku iliyofuata alileta kopo la maziwa ya unga. Hilo nilimwomba alirudishe nyumbani.

Wiki ya 35 Kabange alishika ziwa lenyewe. Nilihesabu: akanyonya mara tatu, akameza, akapumzika, akapumua, akarudi. Tulimtoa sonda, plasta ikaacha alama nyekundu shavuni. Alitoka siku ya 41 na gramu 1,820; Kyungu alikuwa ameacha sonda siku sita kabla yake.

Ukisikia dada au shemeji yako amejifungua kabla ya wakati, usimpelekee kopo. Mpelekee bukari ya moto, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, kitenge kizito, na mtu wa kubaki na watoto wake nyumbani, ili yeye abaki wodini na mtoto kifuani.