NILIMNYAMAZISHA MAMA ALIYETAKA KUAGA



Leo siandiki kama mwalimu. Naandika kama mtu anayetubu, kwa hivyo nisome hadi mwisho.

Kanisani kwetu, huku Kangemi, kulikuwa na mama mmoja mwombezi. Aliuza mboga sokoni miaka mingi na hakukosa kesha ya Ijumaa. Saratani ilipomlaza, tulienda kumwombea nyumbani. Akanishika mkono, akasema, "Pasta, niitie watoto wangu. Nataka kuwaambia mambo yangu, na pahali nitakapozikwa."

Nikamkatiza. "Mama, usikiri mauti! Hapa tunakiri uzima!" Wote wakasema amina. Yeye akanyamaza, na hakulitaja tena jambo hilo.

Wiki chache baadaye alizidiwa usiku. Akakimbizwa hospitali moja ya kibinafsi jijini, akaingizwa ICU, akawekwa mashine ya kupumulia. Daktari aliwaeleza watoto ukweli: ugonjwa umeenea, mashine inamsaidia kupumua lakini haimponyi. Wakanigeukia. "Pasta, tufanye nini?"

Mtu wa Mungu, niliogopa kuonekana sina imani. Nikawaambia waendelee, muujiza uko njiani.

Kila kulipokucha bili ilikuwa imepanda. Tukafungua kikundi cha WhatsApp, tukachanga, tukachanga tena. Kijana wake wa kwanza akauza pikipiki iliyokuwa ikilisha watoto wake. Siku ya 19 mama akalala. Hakuna aliyesikia neno lake la mwisho, maana bomba lilikuwa kooni. Mwili ukabaki mochari hadi familia ilipoacha hati ya shamba kama dhamana. Na tulipokuja kupanga mazishi, ndugu wakagombana: azikwe kwao au kwa mumewe? Jibu alikuwa nalo. Mimi ndiye niliyemzuia kulitoa.

Tangu siku hiyo nasoma Mwanzo 49 kwa machozi. Yakobo alipojua saa yake imefika, aliita wana wake wote, akawabariki mmoja mmoja, akawaagiza wamzike kwenye pango la Makpela alipozikwa Abrahamu. Hakuna mtu aliyemkemea kwamba anakiri mauti.

Soma pia Isaya 38. Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake. Alilia, akaomba, akaongezewa miaka 15. Naamini maombi hayo. Lakini hata ile miaka 15 ilifika mwisho.

Unielewe vizuri. Sisemi tuache kuombea wagonjwa. Yesu anaponya hata leo. Wala sisemi maskini arudishwe nyumbani afe kwa kuwa hana pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ninachosema ni kwamba kuna wakati matibabu yanamponya mtu, na kuna wakati yanarefusha tu kufa kwake. Kuutambua wakati huo si ukosefu wa imani.

Na hili si jambo la wasio na pesa tu. Bob Collymore, aliyeongoza Safaricom, alitibiwa saratani ya damu hadi Uingereza. Tarehe 1 Julai 2019 alifariki akiwa nyumbani kwake hapa Nairobi. Pesa zinaweza kununua kitanda kizuri. Haziwezi kununua saa iliyoisha.

Kwa hivyo, mpendwa, fanya mambo 3 wiki hii.

Kwanza, keti na wazazi wako. Waulize kwa heshima: mkizidiwa, mngependa tufanye nini? Nani aamue? Mzikwe wapi? Kisha wewe pia wajibu watoto wako maswali hayo hayo.

Pili, jiandikishe SHA na ulipe. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Haimalizi kila bili, lakini usingoje mgonjwa awe kitandani ndipo uanze kuitafuta.

Tatu, daktari akikwambia ugonjwa hauponyeki, muulize kuhusu huduma ya kupunguza maumivu. Nairobi Hospice, pale karibu na Hospitali ya Kenyatta, inafanya kazi hiyo tangu 1990. Wanatuliza maumivu na kushauri familia. Kwenda huko si kukata tamaa. Laiti ningalilijua hilo mapema, mama yetu angaliaga akiwa kitandani pake, akisikia watoto wake wakiimba.

Wale watoto niliwaendea, nikawaomba msamaha. Walinisamehe. Lile shamba bado hatujalikomboa, lakini kanisa linachanga kidogo kidogo.

Tuombe. Baba, tupe imani ya kuomba uponyaji, na ujasiri wa kusikiliza anayetaka kuaga. Wakumbuke walio ICU usiku huu, na wanaohesabu bili kwenye korido. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una mzazi aliye hai, mpigie simu leo.