Ukiwasaka farasi waliopotea, shuka Grogan

Msomaji mpendwa, ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi na hujawahi kutembea kwa miguu katika Barabara ya Kirinyaga, basi kuna sehemu ya mji wako usiyoijua. Anzia kwenye mzunguko wa Globe, uteremke ukielekea Kariokor, Mto Nairobi ukiwa mkono wako wa kushoto na River Road ikiwa juu yako mkono wa kulia. Vaa viatu vya kufunga, maana ardhi ya huko imelowa oili ya miaka mingi, na mkoba wako uushike vizuri.

Jina rasmi ni Kirinyaga, lakini wenyeji wangali wanapaita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, kisha akajipatia ardhi ya kinamasi kando ya mto huu. Siku hizi chochote kinachofungwa kwenye gari hupatikana hapa, kipya, kikuukuu, au kilichopakwa rangi kikafanana na kipya. Ukifika na shida ndogo, watu kumi watakuonyesha shida nyingine kubwa zaidi.

Niliyefuatana naye siku hiyo ni kijana wa mwaka wa tatu chuo kikuu. Gari lake aliachiwa na marehemu babake: Mercedes-Benz 280CE, lile la milango 2 lililoundwa kati ya 1977 na 1985. Wafaransa ndio waliotupa jina la magari ya namna hiyo, coupé. Usilichanganye na yule kupe wa ng'ombe, ingawa kwa kunyonya petroli wanajuana.

Ni gari la fahari. Halina nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma, kwa hivyo ukiteremsha vioo vyote upande mzima unabaki wazi kama baraza. Chini ya boneti mna injini ya silinda 6, ya lita 2.8 kasoro kidogo, na kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 185, au 177 kwa zile za mwanzo.

Lakini farasi hao hawakuonekana. Desemba iliyopita kijana alimpakia mamake na nduguze 3 kwenda Nyahururu. Walipoanza kuupanda mlima wa Limuru, matatu zilimpita moja baada ya nyingine. Kisha likampita lori tupu la kubebea kabichi. Mama hakusema kitu njia nzima. Walipofika nyumbani alisema gari liuzwe, kwani halina faida kwa mtu na linakula pesa za karo. Mwana akaomba apewe muda. Mwishowe mama akakopa kwenye chama chake, akampa pesa hizo kwa sharti moja: Krismasi ijayo gari lipande mlima, ama liende kwa mnunuzi.

Basi unaweza kuelewa kwa nini kijana alikuja Grogan akiwa ameshaamua. Alitaka turbo.

Na wa kumwuzia walikuwapo. Hatukuwa tumetembea hatua ishirini kabla ya mmoja kutuonyesha turbo iliyotolewa kwenye lori, akaapa kwamba itaingia. Wa pili alitushauri tuitupe injini ya Mjerumani na kuweka ya Toyota iitwayo 1JZ, silinda 6, lita 2.5, ambayo ile yenye turbo ilitangazwa kuwa na farasi 280. Hilo linafanyika, na wapo wanaolifanya vizuri. Lakini jua kwamba ukibadilisha injini, nambari yake mpya sharti iandikishwe kwa NTSA, na kampuni ya bima ijulishwe. Wengi hawafanyi hivyo, na hukumbuka siku ya ajali.

Fundi tuliyemwendea ana nafasi ndogo nyuma ya duka la vipuri, karibu na mto. Ni mzee wa makamo, mvi zimemjaa, na ana tabia ya kusikiliza injini akiwa amefumba macho. Alipoambiwa habari za turbo hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Kijana wangu, kwanza umewahesabu farasi ulio nao?"

Hapo ndipo alipotupa somo ambalo kila mwenye gari wa Nairobi angefaa kulisikia. Injini hula petroli pamoja na hewa, na hewa ya Nairobi ni nyepesi. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoingia katika kila silinda hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na ile ya Mombasa, na nguvu hupungua kwa kiasi kama hicho. Farasi wako 185 wa pwani, wakifika jijini, wamebaki kama 150. Ukipanda Limuru, penye zaidi ya mita 2,200, unakaribia 140. Hakuna aliyekuibia, ndivyo nchi ilivyo. Turbo kweli hutibu ugonjwa huo, kwa sababu huisukuma hewa kwa nguvu, na ndiyo sababu matatu na malori ya dizeli yenye turbo hayahangaiki sana milimani. Ila injini hii haikuundwa kuwa na turbo. Ukiisukumia hewa bila kupanga upya petroli na cheche, itapata joto hadi pistoni zitoboke.

"Wale 35 wamechukuliwa na mlima," alisema fundi. "Lakini lori tupu likikupita, kuna wengine waliochukuliwa na kutojali."

Akaanza kuwatafuta. Alitoa plagi zote 6 na kuzipanga kwenye gazeti. Zilikuwa nyeusi kwa masizi. Kisha akapima mbano wa kila silinda. Hapa pana jambo la kukumbuka: kitabu cha kiwanda hutaja vipimo vya usawa wa bahari, kwa hivyo Nairobi saa ya kupimia husoma chini, na usitishike. Linaloangaliwa ni kama silinda zinalingana. Tano zilikuwa karibu na 9. Ya nne ilisoma 6.

Msomaji, ungeuona uso wa kijana! Silinda moja ikiwa dhaifu, huenda ringi za pistoni zimekwisha, na hapo ni kuifungua injini nzima. Pesa za chama zisingetosha hata nusu. Fundi alimimina kijiko kimoja cha oili katika silinda hiyo na kupima tena. Kama ringi ndizo mbovu, oili huziba pengo na kipimo hupanda. Hakikupanda. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Injini hii, msomaji, ni ya zamani katika jambo moja: nafasi ya valvu zake haijirekebishi yenyewe. Kila baada ya muda ni lazima fundi afungue kifuniko cha juu na kupima kwa bamba jembamba la chuma. Usipofanya hivyo, valvu huzama kidogo kidogo katika kiti chake mpaka inakosa nafasi ya kufunga kabisa, na nguvu inavuja kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Tangu mzee afariki hakuna aliyekifungua kifuniko hicho. Valvu ya kutoa moshi ya silinda ya nne ilikuwa imekaza. Bahati ni kwamba ilikuwa bado haijaungua. Ilirekebishwa, pamoja na nyingine zilizohitaji, kipimo kikapanda kikaribia wenzake. Gharama yake ilikuwa kazi ya mkono na gasketi moja.

Jambo la pili lilituchekesha. Fundi alimwambia kijana aketi kwenye usukani akanyage mafuta hadi mwisho, naye akachungulia injini. Mguu ulifika sakafuni, lakini mlango wa kuingizia hewa ulifunguka kidogo zaidi ya nusu. Bushi za plastiki kwenye vyuma vinavyounganisha pedali na injini zilikuwa zimelika. Miaka yote hiyo kijana alikuwa akikanyaga kwa nguvu zake zote na gari likisikia nusu ya amri. Ukiwa na gari la kale, jaribu hivi wewe mwenyewe nyumbani, injini ikiwa imezimwa. Haigharimu kitu.

La tatu ni masizi yale. Mfumo wa petroli wa gari hili, uliobuniwa na Bosch, hupima hewa kwa kisahani kinachoinuliwa na upepo unaoingia. Kisahani hakijui kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi, hivyo humwaga petroli zaidi ya inavyohitajika. Kuna skrubu ndogo, huingizwa ufunguo mrefu wa milimita 3, ya kupunguzia. Fundi aliigeuza kwa kiasi kidogo mno, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mgeni, akasikiliza, akaigeuza tena. Mpira mmoja uliopasuka uliokuwa ukivuta hewa pembeni ulibadilishwa pia.

Wakati akifanya haya mzee alitusimulia habari za East African Safari, mbio ambazo Mercedes zilishinda miaka 3 mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Mwaka 1979 kampuni hiyo ilileta gari kubwa la milango 2, 450 SLC lenye injini ya lita 5, na Hannu Mikkola akamaliza wa pili nyuma ya Shekhar Mehta wetu aliyekuwa na Datsun ndogo. Mwaka uliofuata Mehta alishinda tena, na Vic Preston mdogo akawa wa tatu kwa SLC. Farasi wengi walikuwako, lakini Datsun ndiyo iliyofika mbele. Mimi nadhani kijana alilielewa hilo kuliko alivyoelewa hesabu za hewa.

Pesa zilizobaki fundi aliziongoza kwenye breki. Gari hili ni zito, linakaribia tani moja na nusu bila watu. Mafuta yake ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, na kwenye mteremko mrefu mafuta yaliyozeeka huchemka, pedali ikazama. Alikataa kutoa gari kabla ya kuyabadilisha, pamoja na mipira ya magurudumu ya mbele. Kijana alinung'unika, maana hizo si pesa za farasi. Nami nilikuwa upande wa fundi. Kenya hairuhusu kuagiza magari yaliyopita miaka 8, kwa hivyo hili likienda bondeni hakuna meli itakayoleta jingine. Sembuse waliomo ndani.

Jioni tulilijaribu. Tulitoka kwa Waiyaki Way, tukapita Kikuyu hadi Limuru, kisha tukashuka Bonde la Ufa kwa ile barabara ya zamani iliyochongwa na wafungwa wa vita Waitaliano katika miaka ya 1940. Ukipita huko simama chini ulione lile kanisa lao dogo, halifiki ukubwa wa sebule za Runda. Breki zilishika vyema kote. Tulipogeuka kupanda, palikuwa na lori la mchanga mbele yetu. Kijana alingoja barabara ikawa wazi, akakanyaga, na gari likanguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia asubuhi. Tulilipita lori bila wasiwasi. Halikuwa gari la mashindano, la hasha. Lilikuwa gari la farasi 140 na kitu, wote wakiwa kazini.

Turbo haikununuliwa, na sehemu ya mkopo ilirudishwa kwa mama akiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza wa riba. Fundi naye alipolipwa alimwita kijana pembeni na kumwonya juu ya ile skrubu. Alikuwa ameipima kwa hewa ya Nairobi. Gari likishuka pwani vivyo hivyo, hewa nzito itaikuta petroli haba, na injini itawaka moto kupita kiasi.

"Nyahururu nenda tu," alisema. "Lakini mama akitaka kwenda Mombasa, nipitie kwanza."