Nani Anabeba Mizigo?

Mwezi huu nataka kuwaeleza juu ya mchezo ambao vijana wetu wanaucheza Jumamosi mchana, maana mama mmoja aliniuliza: "Sisi tumekimbia vita, na nyinyi mnawafundisha watoto vita tena?" Swali lake ni la haki, linastahili jibu.

Mchezo wenyewe ni historia ya hapa hapa Gisenyi. Septemba 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Rwanda, walikamata kisiwa cha Idjwi. Wakavutana na Wabelgiji kwenye mpaka huu wa Kivu mpaka 1916. Ndipo jeshi la Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, likavuka. Kigali ikachukuliwa tarehe 6 Mei 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba. Sisi tumechora ziwa na njia zake kwenye katoni. Vizibo vya soda ni askari, maharagwe ni wabebaji wa mizigo.

Shida ilikuwa hesabu. Kila zamu unatupa dadu kwa kila kizibo, unaondoa waliokufa, unapunguza chakula, unapima mwendo. Jua linazama na jeshi halijafika hata Ruhengeri! Wazungu nao walichoka hivyo hivyo. Afisa mmoja, Reisswitz, alitoa mchezo wa namna hii kwa jeshi la Prussia mwaka 1824, na baadaye maafisa wengine wakaona majedwali yake yanachelewesha mno.

Basi kijana wetu mmoja akaleta kompyuta yake ndogo, akapanga kila kitu katika programu ya Excel. Kila kikosi kina mstari wake: askari, wabebaji, chakula, siku za safari. Ukibonyeza mara moja, programu inatupa dadu zote na kutoa waliopungua. Mchezo wa Jumamosi tatu sasa unaisha Jumamosi moja, kabla betri haijazimika.

Lakini faida kubwa tuliiona kwenye mstari wa maharagwe. Tuliweka kanuni: mbebaji anabeba kilo 25 za chakula, na yeye mwenyewe anakula kilo 1 kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Jeshi linabaki na kilo 5 tu! Kwa hiyo mkuu wa jeshi anataka wabebaji zaidi na zaidi, na hao anawatoa vijijini. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wabebaji walikuwa wengi kuliko askari, na makumi ya maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu.

Watoto walipoona namba hizo, walinyamaza. Halafu mmoja akasema, "Baba pia walimkamata abebe mizigo." Wako wengi kati yetu waliopitia hayo. Siku ile mchezo ulisimama, na tukaongea mpaka jioni.

Tangu hapo tuna sheria moja. Kompyuta ihesabu haraka inavyotaka, lakini kila zamu mtoto mmoja anasoma kwa sauti idadi ya wabebaji waliopotea, ndipo tunaendelea.

Mama, hilo ndilo jibu langu. Karibu Jumamosi uje kuona. Na nyinyi wazee mliosikia habari za vita ile kwa mababu zenu, njooni mtusimulie. Hizo Excel haizijui.