SEHEMU YA 9: MTOTO ANATAKA KOBE. USIJIBU HARAKA

Sehemu ya 8 tuliongea kuhusu mbwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Leo tunaenda kwa mnyama ambaye akina mama wengi wanaona hana shida kabisa: kobe.

Najua kwa nini anapendwa. Habweki, hapandi kwenye makochi, hakimbizi wageni. Mjomba anafika kutoka kijijini na kakobe kadogo kwenye ndoo, watoto wanarukaruka, na wewe unajisemea, si kobe tu jamani, atatusumbua nini?

Kabla hujasema ndiyo, jiulize maswali haya manne.

1. NANI MDOGO KULIKO WOTE HAPO NYUMBANI?

Kobe, mjusi, kinyonga na nyoka wanaweza kubeba tumboni bakteria wanaoitwa Salmonella. Wao wenyewe hawaugui. Kobe anakula vizuri, macho yanang'aa, kumbe kinyesi chake kina bakteria. Tena hawatoki kila siku, kwa hiyo hata akipimwa leo akaonekana safi, usijipe uhakika wa kesho. Kutoka kwenye kinyesi wanahamia kwenye gamba, kwenye miguu, kwenye maji yake na kwenye sakafu anapopita.

Mtu mzima akiwapata, mara nyingi ataharisha siku kadhaa na kupona. Kwa mtoto mchanga ni habari nyingine. Bakteria wanaweza kutoka tumboni wakaingia kwenye damu, na hata kuleta homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana ushauri wa kitaalamu ni kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge wanyama wa jamii hii. Mjamzito, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu nao wako kwenye hatari.

Na hapa nisikilize vizuri: si lazima mtoto amshike kobe. Kaka mtu anamshika, anajifuta mikono kwenye kaptula, anampa mdogo wake biskuti. Imetosha. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, tangu mwaka 1975. Watoto walikuwa wanacheza nao, wanawaweka mdomoni, wanaugua.

Mimi mwenyewe nina wawili. Mkubwa ana miaka 8, mdogo ana miezi 9 na anatambaa. Kila anachookota kinaenda mdomoni. Kaka yangu aliahidi kuwaletea kobe. Nikamwambia asante, lakini si sasa. Mkubwa alilia, akaninunia siku mbili nzima. Nikamkalisha, nikamwambia: mdogo wako hajui kusema hapana, kwa hiyo mimi namsemea. Hakufurahi, ila alielewa.

2. UNA UWANJA WENYE JUA NA MAJANI?

Kliniki tunawaambia muwatoe watoto juani ili wapate vitamini D, wasipate matege. Kobe naye yuko hivyo hivyo. Anahitaji jua la moja kwa moja, si la kupita kwenye kioo cha dirisha, ili mwili wake utumie kalsiamu. Akifungiwa chumbani au kwenye boksi, gamba linalainika au linaota vibaya, na miguu inakosa nguvu. Pia mwili wake hautengenezi joto la kutosha wenyewe. Asubuhi anaota jua, mchana anatafuta kivuli. Akikosa kivuli, jua kali linaweza kumuua.

Chakula chake ni nyasi, magugu na majani. Matunda, kidogo sana. Ugali, wali, mkate na maziwa si chakula chake hata kama anavila. Maji ayapate kwenye chombo kipana kisicho na kina, anachoweza kuingia na kutoka.

Na gamba si kopo, mama. Uti wake wa mgongo na mbavu zake zimeungana na gamba hilo, na anahisi ukimgusa. Wale wanaomtoboa pembeni ili wamfunge kamba, wanatoboa mfupa wa kiumbe hai.

3. NANI ATAMTUNZA MIAKA 50 IJAYO?

Kobe wetu mwenye madoa kama ya chui anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yule mdogo wa kwenye ndoo anaweza kufikisha zaidi ya kilo 10. Mtoto wako wa miaka 8 atamaliza shule, ataoa au ataolewa, na kobe bado yupo. Kama unapanga na unahama kila baada ya miaka miwili, fikiria hilo pia.

4. KIBALI KIKO WAPI?

Kobe wa porini ni mnyamapori. Hapa Tanzania huwezi kumwokota tu ukamfuga; unahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Kenya nako ni hivyo. Kinyonga naye yumo humo humo, tena huyo anateseka haraka. Amezoea kunywa matone ya maji kwenye majani, anaweza kukaa na kiu pembeni ya bakuli lililojaa.

KAMA TAYARI YUPO NYUMBANI

Usimtupe porini, na usimpe jirani. Ongea na ofisa wanyamapori wa wilaya yako. Wakati unasubiri:

– Asiingie jikoni wala mnapolia chakula.
– Awe na beseni lake. Beseni la kuogeshea mtoto lisimguse hata siku moja. Maji yake machafu mwaga chooni, siyo kwenye sinki la vyombo.
– Anayemshika anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, papo hapo. Hakuna kumbusu.
– Walio chini ya miaka 5 wamwangalie kwa mbali.

Mtoto akianza kuharisha, endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na mlete kituoni apewe na zinki. Usimpe antibayotiki zilizobaki kabatini. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, anatapika kila kitu, hanyonyi, amelegea au anapata degedege, usisubiri asubuhi. Na ukifika, sema: "Nyumbani tuna kobe." Sisi tutakuuliza maji mnayokunywa na alichokula jana, lakini swali la wanyama mara nyingi halitoki. Sentensi hiyo moja inaweza kutuelekeza haraka.

Mtoto bado anawapenda? Vizuri, mpeleke akawaone. Mkifika Zanzibar, vukeni kwa boti hadi kisiwa cha Changuu. Kuna kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, Shelisheli, ambao walianza kuletwa pale mwaka 1919. Watoto wanawalisha majani, wanapiga picha, wananawa mikono, wanarudi nyumbani. Na mimi wangu nimemwahidi safari hiyo.

Sehemu ya 10: vifaranga wanaolala ndani ya nyumba. Mtumie mama mwenzako mwenye mtoto mdogo. Usiku mwema.