Mjeda, Kisu na Kuku wa Singida

Kama hujawahi kusafiri na mjeda, bado hujasafiri! Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, kutoka Singida mjini hadi uwanja wa ndege Dodoma. Likizo imekwisha, anarudi kikosini.

Jioni ya mwisho tulikaa kando ya Ziwa Singidani, kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana. Upepo wa Singida haubembelezi, unazaba vibao. Nikamwomba koti lake la kombati.

"Dogo, unataka kulala mahabusu?" akaniuliza.

Kweli bwana, raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Nikatetemeka kiraia.

Nyumbani bibi alishafunga zawadi: kuku wa kienyeji wa kukaanga na asali ya Itigi. Ukitoka Singida mikono mitupu, watu watakuuliza ulifikia kwa nani.

Alfajiri tukapanda basi stendi ya Misuna. Ikungi, Manyoni, Bahi, kilomita kama 240 hivi, mjeda kalala fofofo, kakumbatia kibegi chake cha mgongoni.

Tukaagana mlangoni uwanjani. Sijakaa sawa, namwona anatoka mbio, uso umempauka.

"Wamekiona kisu," akasema.

Begi kubwa lilishapokelewa na kupelekwa kwenye ndege. Kwenye ukaguzi wa pili, mashine ikaonyesha kisu ndani ya kibegi. Akatoa kitambulisho. Dada wa ukaguzi akamjibu kwa adabu: "Kitambulisho nakiheshimu, afande, ila kisu hakiingii kwa abiria."

Dada yuko sahihi. Septemba 11, 2001, watekaji wa zile ndege 4 za Marekani walikuwa na visu, na tangu siku hiyo ukaguzi umekaza dunia nzima. Mwanajeshi akikata tiketi kama mimi na wewe, ni abiria tu. Kisu chake kinakaa kwenye begi la kupakiwa chini, kikiwa kimefungwa vizuri kisimkate mpakiaji.

Sasa kwa nini asikiache hapo hapo? Kisu kile alipewa Kongo, kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Aliyempa hakurudi nyumbani hai.

Akakiviringisha kwenye kanga iliyofungia kuku. "Mpelekee bibi. Mwambie asikichinjie!"

Usiku nikawa Singida tena. Bibi akakipokea, akakiweka kwenye sanduku la marehemu babu, akafunga kufuli. Hakuuliza ni cha nani. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwenzio amefika?"

Wewe unayesafiri wiki hii, pekua kibegi chako mwenyewe nyumbani kabla hujapekuliwa. Si kila mtu ana ndugu anayemsubiri mlangoni.