Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Ziwa: Safari ya Kigoma na Ujiji

Mwezi huu twataka mfuatane nasi hata ufuko wa Ziwa Tanganyika, tupate kufikiri pamoja jambo moja linalowasumbua watu wengi. Jambo lenyewe ni hili: Mtu amewekwa duniani afanye nini, naye atajuaje?

Zamani kijana hakuuliza sana. Baba akilima, mwana alilima. Baba akivua, mwana alivua. Siku hizi dunia imefunguka. Kijana anayo simu mkononi, na kila saa huona maisha ya watu elfu, na kila mmoja wao huonekana kana kwamba amekwisha kufika anakokwenda. Yeye hujiona amebaki njiani. Wengine huacha kusali, wala si kwa sababu wameshindwa na hoja za wasioamini, ila kwa sababu hawaoni tena sala yawahusu nini. Basi msidhani twaandika habari ya upuuzi. Nyumba nyingi zina kijana wa namna hii, naye huketi kimya wakati wa chakula.

Tulikwenda Kigoma mwezi wa Julai mwaka 2024, walimu wa dini watatu, kwa gari la moshi kutoka Tabora. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa kama 1,250. Tulipita Urambo na Kaliua, tukavuka nchi ya mto Malagarasi yenye maji na nyasi nyingi, tukapita Uvinza, mahali ambapo watu wamepika chumvi tangu kale kwa maji ya chemchemi za chumvi. Kisha milima ikafunguka, tukaliona ziwa.

Watu wa Kigoma huuita mji wao “mwisho wa reli”, tena hulitaja jina hilo kwa fahari. Na kweli, msafiri akishuka pale haoni njia nyingine ya chuma mbele yake. Huona maji tu, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo, kama wingu la buluu. Ziwa hili lina urefu wa kilometa zaidi ya 600, na kina chake hufika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu lililo na kina kuupita huu wake, nalo ni Baikal huko Urusi. Mwenzetu mmoja akasema, “Reli imekwisha, lakini safari haikuisha. Imebadili chombo tu.” Neno hilo tulilibeba moyoni siku zote tulizokaa huko.

Asubuhi tulikwenda kwenye mwalo wa Kibirizi. Kwa desturi mahali hapa hapana usingizi. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa zao juu ya maji, nao dagaa huufuata mwanga, wakavuliwa kwa nyavu. Kulipokucha ufuko hung'aa kama fedha kwa dagaa walioanikwa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana taa zao haziwezi kushindana na mwanga wa mbinguni. Lakini siku tulizofika, hata gizani hapakuwa na taa. Kuanzia tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti mwaka ule, uvuvi ulifungwa. Nchi nne zenye kulizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimepatana kulipumzisha, kwa sababu samaki walikuwa wakipungua, nao hawana budi kupewa nafasi ya kuzaa.

Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani. Wazee walikaa kivulini wakishona nyavu, na wavulana wawili walijifunza kwao namna ya kufunga fundo. Wengine walikuwa wamekwenda kulima mihogo, au kushughulika na mafuta ya mawese, maana nchi hii ni ya michikichi. Kijana mmoja, mume wa mke na baba wa watoto wawili, alikuwa amekaa peke yake juu ya ubavu wa mtumbwi akitazama maji. Tulipomsalimu alituitikia kwa adabu, kisha akasema:

“Shikamooni, walimu. Nina neno. Nikivua, najua mimi ni mvuvi. Watu waniita mvuvi, nami nalala nimechoka, sina swali. Sasa ziwa limefungwa, na mimi sijui ni nani. Naamka asubuhi, sina niendako. Rafiki zangu waniambia twende machimbo ya dhahabu. Mke wangu asema, kaa. Je, Mungu ananijua mimi, au anajua wavu wangu tu?”

Tuliketi naye mchangani. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akainua uso, akasema, “Mwanangu, hata shamba hupumzishwa.” Nasi tulikumbuka ya kuwa katika sheria ya Musa ardhi iliachwa ipumzike mwaka wa saba, wala mwenye shamba hakuacha kuwa mwana wa Ibrahimu kwa kuwa jembe limelala. Lakini tuliona kwamba jibu hili, ingawa ni la kweli, halikumtosha. Alikuwa na deni la wavu, na watoto hawali mifano. Tukamwomba afuatane nasi kwenda Ujiji, naye akakubali.

Ujiji u karibu na Kigoma, na siku hizi miji hii miwili ni manispaa moja. Zamani Ujiji ulikuwa mkubwa, na Kigoma kijiji. Hapa ndipo ilipokoma njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu pia walipita hapa, wamefungwa minyororo, wamevushwa ziwa kutoka Manyema. Wao hawakuuliza wameumbwa kwa kazi gani, kwa kuwa wengine waliwaamulia. Yafaa kila akaaye Ujiji kwa raha akumbuke hayo. Wenyeji wengi wa mji ni Waislamu. Walitupokea kwa ukarimu, wakatupa kahawa, wakatuonyesha njia ya kwenda mahali pa ukumbusho wa David Livingstone.

Mzee huyu alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba mwaka 1871, mgonjwa, amekonda, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mwezi uliofuata Stanley akafika na kumkuta. Mwembe waliokutania chini yake umekufa siku nyingi. Iliyopo leo yasemwa ni uzao wake. Kila mtoto wa shule ajua habari hiyo. Lakini wachache hufikiri ya kuwa Livingstone hakupata alichokitafuta. Alitafuta chanzo cha mto Naili, akadhani mto Lualaba ndio Naili. Kumbe ni Kongo. Lakini Julai mwaka uleule, huko Nyangwe, aliwaona watu wakiuawa kwa mamia sokoni, wengi wao wanawake, naye akaandika aliyoyaona. Stanley akazichukua barua zake Ulaya. Habari hizo ziliongeza nguvu ya watu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kazi aliyoitafuta ilimponyoka. Kazi aliyoikuta njiani ndiyo iliyozaa.

Na Susi na Chuma je? Hao walikuwa naye tangu siku nyingi. Bwana wao alipokufa mwaka 1873, mbali sana kusini, hakuna aliyewaamuru. Wangaliweza kutawanyika kila mtu kwenda zake. Wao na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba miezi mingi, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Yule kijana wetu mvuvi aliisikiliza habari hiyo kwa makini kuliko ile ya Livingstone. Akauliza, “Nani aliwaambia kwamba hiyo ndiyo kazi yao?” Tukamjibu, “Mzigo ulikuwa mbele yao.”

Tuliporudi Kigoma tulipita bandarini, tukawa na mazungumzo ya meli ya Liemba, ambayo wakati huo haikuwa safarini. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Ikatumika vitani. Mwaka 1916 Wajerumani, walipokuwa wakikimbia, wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi kwanza, isiharibike. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua; na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena, kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe.

Tangu hapo imebeba dagaa, mahindi, mananasi, wachuuzi, maharusi na wagonjwa. Mwaka 1997 ilirudisha kwao Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, ambako hapakuwa na barabara na kipindupindu kilikuwa kimeanza kuua, ni Liemba iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Chombo kilichobeba mizinga wakati wa vita kikawabeba mama wenye watoto mgongoni. Mafundi wa Papenburg hawakuliwaza jambo hilo hata kidogo.

Jioni ile wakristo wazee wa Kigoma walituongezea habari ya Adrien Atiman, tunayemtaja kwa heshima, kwa maana alikuwa katekista kama sisi. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwani na kuuzwa. Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi wawajua kwa jina la Mapadre Weupe, wakamkomboa. Akapelekwa Malta akasomea uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye pwani hiihii ya mashariki ya ziwa, kusini ya Kigoma. Akaoa huko, akazaa, na mwanawe Joseph akawa padre. Aliwatibu watu na kuwafundisha dini hata alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67 mahali pamoja. Hakuichagua Karema akiwa mtoto. Hata jina lake hakulijua. Walakini alipowekwa pale aliwatazama waliokuwa karibu, akaona wana vidonda, akaanza kuviosha.

Ndugu zetu, tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kuibwa kwa mtoto kulikuwa kwema, wala vita, wala minyororo ya Ujiji. Uovu ni uovu, na Mungu hauhitaji ili atimize kazi yake. Twasema hivi tu: hakuna njia iliyopotoka hata Mungu asiweze kumkuta mtu mwishoni mwake. Na Mungu akimkuta mtu, kwa kawaida hampi ramani ya maisha yake yote. Humpa jirani.

Hapa ndipo dunia ya leo hutudanganya. Hutuambia tutafute kwanza tutakuwa nani, tujipambe, tuonekane, kisha tutaona tumfae nani. Simu huhesabu watu wangapi wamekupenda, wala haihesabu wangapi umewasaidia kuamka. Basi mtu hujitazama mchana kutwa kama mtu atazamaye kiooni gizani. Imani hutufundisha kuanza upande wa pili. Usiulize kwanza, “Mimi ni nani?” Uliza, “Nani yupo hapa niliposhuka?” Atakayelijibu swali hilo kwa mikono yake, polepole atalijua na lile la kwanza. Wala sala si kitu mbali na hayo, kwa maana asaliye kwa kweli hufumbuliwa macho amwone aliye karibu.

Tena neno hili si la kijana peke yake. Mtu mwenye njaa na deni hawezi kuambiwa atumikie jirani, wakati jirani zake wamefunga milango. Tulipokuwa pale tuliwaona wakristo wachache wakigawana mihogo na nyumba zisizo na shamba, na mwenye chombo kimoja akikubali kungoja malipo ya wavu hata ziwa lifunguliwe. Hao walihubiri kuliko sisi watatu.

Kesho yake, kabla gari letu halijaondoka, tulimwona yule kijana tena mwaloni. Hakuwa ameamua bado kama atakwenda machimboni au atakaa. Lakini alikuwa amekaa karibu na yule mzee, ana sindano ya wavu mkononi, na mmoja wa wale wavulana alimwuliza fundo hili lafungwaje, naye alikuwa akimwonyesha.

Basi, akina baba na akina mama, jioni ya leo mkiisha kusali, mwulizeni kila mtoto nyumbani mwenu, si kazi gani ataka kuifanya atakapokuwa mkubwa, bali ni nani aliyemfaa leo. Nanyi wazazi mjibu swali hilohilo mbele yao. Na kama kuna mmoja akaaye kimya, msimkemee. Mketi naye, kama watu waketivyo mchangani kando ya ziwa, mpaka aseme neno lake.

Mungu awalinde nyote, na wale walio majini usiku huu.